16 bora ya Libertadores 2015: Boca, River na zile dakika 45 ambazo hazikuchezwa

#1 (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahidi siku nyingi kwenye nyuzi za watu, leo nimepata nafasi ya kukaa na kuandika. Ni mrefu, anayewahi kazini auhifadhi asome jioni.

Nianze kwa kusema upande wangu, asije mtu baadaye akaniambia nimeficha. Mimi ni Boca Juniors, ile klabu ya Argentina. Nimeipenda tangu 2007, mwaka ambao Riquelme alirudi kwa mkopo kutoka Villarreal akatuchukulia Copa Libertadores, yaani kombe la klabu bingwa la Amerika ya Kusini. Fainali tuliichapa Grêmio jumla ya mabao 5-0. Nilikuwa kidato cha pili, naangalia vipande vya mechi kwenye intaneti ya kulipia kwa nusu saa. Mpaka leo sijapata timu nyingine ya kuipenda namna ile.

Nasema haya kwa sababu ninachotaka kukiandika hapa kinaniuma: mwaka 2015 Boca iliondolewa 16 bora na meza ya wakubwa, siyo kwa bao la uwanjani, na ilistahili kuondolewa. Mashabiki wenzangu wengi hawataki kulisikia hilo.

Tuanze mwanzo, kwa sababu bila hesabu ya makundi huwezi kuelewa kwa nini mechi ile ilitokea kabisa.

Libertadores ya wakati ule ilikuwa na makundi 8 ya timu nne nne. Wawili wa juu wanapita, wanakuwa 16, hapo ndipo mtoano unapoanza. Droo haikuwepo. Walichofanya CONMEBOL, shirikisho la soka la Amerika ya Kusini, ni kuwapanga vinara wa makundi kuanzia wa 1 mpaka wa 8 kwa pointi walizovuna, halafu washindi wa pili kuanzia wa 9 mpaka wa 16. Wa 1 anakutana na wa 16, wa 2 na wa 15, mnaendelea hivyo. Aliye juu kwenye orodha anacheza mkondo wa pili nyumbani. Hiyo ndiyo zawadi ya kufanya vizuri: unapewa mnyonge kuliko wote, na unamalizia kwako.

Boca mwaka ule walikuwa na Montevideo Wanderers, Palestino ya Chile na Zamora ya Venezuela. Mechi sita, ushindi sita. Mabao 19 ya kufunga, 2 tu ya kufungwa. Pointi 18 kati ya 18. Wa kwanza bila mpinzani.

River Plate, watani wetu wa jiji moja la Buenos Aires, je? Hapa ndipo utamu ulipo. Walianza kwa kupigwa 2-0 na San José ya Bolivia kule Oruro, mji ulio karibu mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mpira unaruka tofauti na mapafu yanakataa kazi. Halafu sare, sare, sare, sare. Sare ya Monterrey dhidi ya Tigres ya Mexico walikuwa nyuma 2-0 wakairudisha dakika za mwisho 2-2. Bila ile pointi walikuwa wameshakwenda na maji.

Siku ya mwisho ya makundi, Aprili, wanahitaji kuifunga San José nyumbani na wakati huohuo wanaomba timu ya Juan Aurich isishinde kwao Peru dhidi ya Tigres. Tigres walikuwa wameshafuzu, wakapeleka kikosi chenye wachezaji wengi wa akiba. Kila mtu Buenos Aires alijua hesabu ile: Tigres wakilegea, River nje. Hawakulegea. Juan Aurich 4, Tigres 5. River wakashinda yao 3-0, wakapita na pointi 7. Katika timu 16 zilizofuzu wao ndio walikuwa wa mwisho.

Wa 1 dhidi ya wa 16. Boca dhidi ya River.

Ligi yao nayo ilikuwa imeshapanga watani hawa wakutane tarehe 3 Mei. Kwa hiyo ndani ya siku 12 nchi nzima ilikuwa na superclásico (mechi ya Boca na River) tatu: moja ya ligi na mbili za Libertadores. Ile ya ligi tulishinda sisi 2-0 uwanjani kwetu Bombonera, mabao ya Pavón na Pablo Pérez dakika za lala salama. Jamani, usiku ule nililala nikiwa na furaha ambayo sasa nikiikumbuka naionea huruma.

Naendelea post inayofuata. Naomba msitie maneno mengi katikati, nimalize simulizi kwanza.

#2

Nimekaa paleee mbele kabisa. Shusha mkuu.

#3

Mimi ni River damu lakini nakuheshimu kwa kukiri ukweli mapema. Endelea ndugu yangu.

#4 (mleta mada)

Asanteni. Tunaendelea.

Mkondo wa kwanza, Alhamisi tarehe 7 Mei, Monumental, uwanja wa River. Mechi ya kukabana, miguu mingi, mpira kidogo. Dakika ya 82 River wanapata penalti, Carlos Sánchez, yule Mruguay, anaweka kambani. 1-0.

Kwa asiyejua uzito wa 1-0 ile chini ya sheria ya bao la ugenini, nieleze. River hawakuruhusu bao nyumbani. Maana yake wakija Bombonera wakafunga moja tu, Boca inahitaji matatu. Boca ikishinda 1-0 wanakwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti, kwa sababu Libertadores haikuwa na dakika 30 za nyongeza kwenye hatua hizi. Kwa hiyo lile bao moja lilibadilisha hewa yote. Timu iliyoshinda mechi sita kati ya sita ilikuwa inaingia nyumbani kwake na hofu.

Na hofu ilikuwa na historia. Novemba 2014, miezi sita tu nyuma, River hawahawa walikuwa wametutoa nusu fainali ya Copa Sudamericana, kombe la pili la klabu barani kwao. Suluhu kwetu, 1-0 kwao, bao la Pisculichi, baada ya Gigliotti wetu kukosa penalti mapema kabisa, kipa wao Barovero akaipangua. Kocha wao Marcelo Gallardo alikuwa ameshaingia kichwani mwetu. Kocha wetu Arruabarrena alijua hilo, wachezaji walijua, na jukwaa lilijua kuliko wote.

Tarehe 14 Mei. Kwetu huku ilikuwa usiku wa manane kuamkia Ijumaa. Nilikuwa nimepanga chumba Mwenge, umeme upo, modemu ina salio, shuka nimejifunika mpaka shingoni kwa sababu ya mbu, sauti ya kompyuta nimeishusha nisiamshe jirani. Bombonera ilikuwa imejaa watu wa Boca peke yao. Mashabiki wa ugenini walikuwa wameshapigwa marufuku Argentina tangu 2013. Wale mliowahi kuona picha za uwanja ule mnajua ulivyo: pande tatu majukwaa yamesimama wima kama ukuta, upande wa nne umebanwa na vyumba vya wenye fedha zao. Sauti haina pa kutokea. Inashuka kwenye nyasi.

Kipindi cha kwanza, 0-0. Niseme ukweli wangu, River walicheza vizuri zaidi ya nilivyotaka. Walibana katikati, Ponzio na Kranevitter wakakata kila pasi. Sisi tulikuwa tunarusha mipira mbele na kutumaini.

Mapumziko.

Sasa, pale Bombonera timu zilikuwa zinaingia uwanjani kwa kupita kwenye handaki la plastiki linalojazwa upepo, wenyewe wanaliita manga, kama mkono wa shati. Liliwekwa ili wachezaji wasirushiwe vitu. Na lile la wageni linapita jirani na jukwaa la La Doce, kundi la mashabiki wanaojiita mchezaji wa 12. Wachezaji wa River wakiwa humo ndani wanarudi kwa kipindi cha pili, mtu akalitoboa na kupuliza gesi ya pilipili ndani.

Ndani ya handaki! Mahali pa kukimbilia hakuna, hewa haitoki.

Walitoka wameshika nyuso. Ponzio, Kranevitter, Funes Mori, Vangioni hao ndio walioumia zaidi. Wanamwagiana maji machoni, jezi nyeupe zimebadilika rangi, ngozi ya shingo imekuwa nyekundu. Wanne hao baadaye walipelekwa hospitali. Mimi mwanzoni sikuelewa, picha ilikuwa inakatakata, nikadhani wamepigana wenyewe kwa wenyewe vyumbani.

Halafu ukaanza ule muda ambao sitausahau. Zaidi ya saa nzima watu wamesimama uwanjani. Refa Darío Herrera hajui aanze au avunje. Maofisa wa CONMEBOL wanapiga simu. Rais wa River, D'Onofrio, ameshuka mpaka kwenye nyasi. Jukwaa linaimba. Juu inapita ndege ndogo isiyo na rubani imening'iniza kitambaa cha mzimu chenye herufi B, yaani kuwakumbusha River walivyoshuka daraja 2011. Wenzao wamemwagiwa gesi machoni na sisi bado tunacheka kuhusu daraja la pili.

Mwisho mechi ikavunjwa. Na River wakawa hawawezi kutoka kwa sababu chupa zilikuwa zinashuka. Walisubiri, wakapita chini ya ngao za polisi. Kabla ya hapo wachezaji wa Boca, kipa Orion akiwa mbele, waliinua mikono kulisalimia jukwaa.

Wakuu, mimi naweza kuelewa mambo mengi ya usiku ule. Hasira naielewa. Woga wa kiongozi kuvunja mechi mbele ya umati ule nauelewa. Ile salamu siielewi na sitaielewa. Nilifunga kompyuta, nikakaa kimya peke yangu.

#5

Daah. Nilikuwa najua juujuu tu kwamba "walipuliziwa", sikujua ilikuwa ndani ya handaki. Hiyo ni zaidi ya vurugu za mpira.

Hukumu ilikuwaje?

#6 (mleta mada)

Hukumu ilitoka Jumamosi tarehe 16 Mei, siku mbili tu. Boca nje ya mashindano. Faini dola 200,000. Mechi nne za nyumbani za mashindano ya CONMEBOL bila watu, na nne za ugenini bila mashabiki wetu. River robo fainali.

Hapo ndipo mgawanyiko wa mashabiki wa Boca ulipoanzia. Wapo wanaosema: aliyepuliza ni mtu mmoja, au wawili, klabu imeadhibiwaje? Wachezaji walioshinda mechi sita mfululizo wamekosa nini? Kwa nini zisichezwe dakika 45 zilizobaki, uwanja mtupu, mahali pengine?

Nimeifikiria hoja hii miaka mingi na kila mara nafika palepale. Mtu mmoja hafiki kwenye handaki la wageni akiwa na chombo cha gesi bila watu kadhaa kutazama pembeni. Lango la uwanja ni la klabu. Walinzi ni wa klabu. Handaki ni la klabu. Zawadi ya kumaliza nyumbani, ambayo Boca waliipata kwa jasho la mechi sita, inakuja na wajibu wa kumpokea mgeni akiwa mzima na kumrudisha akiwa mzima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi mgeni alikuja tukamtia pilipili machoni.

Na kurudia dakika 45? Na nani? Wanne katika kikosi wamechomwa macho. Wangecheza siku mbili baadaye wakiwa hawaoni vizuri, basi aliyepuliza angekuwa amefanikiwa. Kila mwenye timu iliyofungwa mkondo wa kwanza angejua cha kufanya.

#7

Naomba kupinga kidogo, siyo hukumu, bali hii habari kwamba kuwa wa kwanza hakusaidii kitu (naona ndiko unakoelekea). Atlético Mineiro 2013 walikuwa wa kwanza wakabeba kombe.

#8 (mleta mada)

Hujakosea kabisa mkuu, na mfano wako ni mzuri kuliko ulivyouandika. Galo (jina la utani la Atlético Mineiro) wa Ronaldinho walimaliza na pointi 15, wa 1. Wa 16 alikuwa São Paulo, kutoka kundi lao hilohilo! Na São Paulo walifuzu baada ya kumfunga Galo 2-0 mechi ya mwisho ya kundi. Kwa hiyo Galo walimwachia mlango mtu ambaye wiki chache baadaye walipaswa kumtoa. Wakamtoa: 2-1 Morumbi, 4-1 Belo Horizonte, Jô akipiga matatu. Kombe la kwanza katika historia yao.

Lakini rudi nyuma miaka miwili. Mei 4, 2011. Nadhani ndio usiku mgumu kuliko yote kwa Wabrazili kwenye 16 bora. Cruzeiro ndio walikuwa wa 1 mwaka ule, timu iliyokuwa inapiga watu mabao mpaka unawaonea huruma. Wakaenda Manizales kwa Once Caldas ya Colombia, wa 16, wakashinda 2-1 ugenini. Imekwisha hiyo, si ndiyo? Mkondo wa pili nyumbani wakafungwa 2-0. Usiku huohuo Internacional, mabingwa watetezi, walikuwa wanaongoza kwao Beira-Rio, Peñarol wakafunga mawili mwanzoni mwa kipindi cha pili. Fluminense walikuwa wamemfunga Libertad 3-1 Rio, wakaenda Asunción wakala 3-0. Grêmio nao wakatolewa na Universidad Católica ya Chile. Klabu nne za Brazil usiku mmoja! Walibaki Santos tu, waliokuwa wameshamaliza kazi yao jana yake, na kwa sababu walikuwa na kijana anaitwa Neymar, wakachukua kombe mbele ya Peñarol hao hao.

Kwa hiyo sisemi kwamba kuwa wa kwanza ni mkosi. Nasema makundi yanapima kitu kimoja na 16 bora inapima kingine. Kwenye kundi ukikosea unayo mechi ya Jumanne ijayo. Kwenye mtoano timu iliyopita kwa pointi 7 imeshazoea kuishi ukingoni. River wa 2015 walikuwa wamekufa mara mbili kabla ya Mei. Boca hawakuwa wamepoteza hata pointi moja kwenye mashindano yale mpaka dakika ya 82 Monumental, na walipokuwa nyuma hawakujua wafanye nini. Hata kabla ya gesi, dakika zile 45 za kwanza zilikuwa zinaonyesha hilo.

#9

Samahani mkuu, swali la mtu asiyefuatilia sana: bado wanapanga wa 1 na wa 16 mpaka sasa?

#10 (mleta mada)

Hapana dada/kaka. Tangu 2017 kuna droo. Vinara wa makundi chungu kimoja, washindi wa pili chungu cha pili. Timu za nchi moja zinaweza kukutana, hata za kundi moja. Kinara bado anamalizia nyumbani. Bao la ugenini nalo limefutwa kuanzia 2022, jumla ikiwa sawa ni penalti. Mimi binafsi naipenda droo, lakini ule mfumo wa zamani ulikuwa na utamu wake: siku ya mwisho ya makundi watu walikuwa wanapiga hesabu za nani amkwepe nani.

Huku kwetu CAF hatuna 16 bora ya aina hii. Ukitoka kundini unaingia robo fainali moja kwa moja, ndiyo maana wengi wetu hatuna hisia na hatua hii.

#11

Mleta mada umeandika vizuri, lakini kuna kitu unakikwepa. 2018. Basi la Boca lilipopigwa mawe nje ya Monumental siku ya fainali ya Libertadores dhidi ya River, Pablo Pérez akaumia jicho, mbona River hawakuondolewa? Mbona wao walipelekwa Madrid wakacheze? Sheria moja, hukumu mbili. Boca wenyewe waliomba River waondolewe kwa kutumia kesi hiyohiyo ya 2015. Wakanyimwa. Hapo ndipo mimi nilipojua CONMEBOL ni ya nani.

#12 (mleta mada)

Sikwepi mkuu, nilikuwa naisubiri. Inaniuma kuliko unavyodhani. Pablo Pérez, huyuhuyu aliyefunga lile bao la ligi tarehe 3 Mei 2015, ndiye nahodha aliyeingia Monumental Novemba 2018 na jicho lililofunikwa bandeji.

Hoja ya CONMEBOL ilikuwa kwamba basi lilishambuliwa barabarani, nje ya uwanja, mikononi mwa polisi wa jiji. 2015 ilikuwa ndani ya uwanja, katikati ya mechi. Wakawapiga River faini ya dola 400,000 na mechi mbili za nyumbani bila watu, wakaihamishia fainali Santiago Bernabéu. Tukafungwa 3-1 baada ya dakika za nyongeza, jumla 5-3.

Je, tofauti ile ya ndani na nje inatosha? Kisheria naiona. Moyoni haitoshi. Macho ni macho. Kombe lililopewa jina la wakombozi wa Amerika ya Kusini kupelekwa kuchezewa Hispania ni jambo ambalo hata mashabiki wengi wa River waliona aibu nalo.

Lakini kosa la 2018 haliwezi kunifanya niseme hukumu ya 2015 ilikuwa kosa. Hukumu iliyokuwa sahihi ni ile ya kwanza. Ya pili ndiyo ilipaswa kuwa kali zaidi. Wengi mnageuza: kwa kuwa wao walisamehewa, basi na sisi tulionewa. Siyo hivyo.

Na kuhusu CONMEBOL ya 2015 kuwa na mikono safi au la, siku 11 tu baada ya kutuondoa, polisi wa Uswisi waliwakamata wakubwa wa soka Zürich, akiwemo Figueredo aliyewahi kuwa rais wa CONMEBOL. Rais wa wakati ule, Napout, naye akakamatwa Desemba mwaka huohuo. Hakimu alikuwa na yake. Hilo halikumfanya Ponzio aone vizuri.

#13

Mimi wa River niliyeandika #3. Nimesoma mpaka hapa na nataka kusema kitu. Ushindi ule wa mezani hatukuusherehekea. Angalau mimi na wenzangu watatu tuliokuwa tunaangalia pamoja Mombasa. Tulikuwa tunaongoza, tulikuwa tunacheza vizuri, tulitaka kuwatoa ndani ya Bombonera filimbi ya mwisho ikilia. Mmetunyima na sisi. Kila nikitaja 2015 mtu wa Boca ananijibu "mezani".

#14 (mleta mada)

Ndugu yangu, hilo ndilo lililonifanya niandike uzi wote huu. Nimesoma mengi kuhusu usiku ule, karibu yote yanazungumzia walichopoteza Boca. Waliopoteza ni wote wawili.

#15

Je, haya mambo yamewahi kujirudia kwenye 16 bora au ndio ilikuwa mwisho?

#16 (mleta mada)

Yamejirudia, na jirani kabisa. Agosti 2025, 16 bora ya Copa Sudamericana, Independiente dhidi ya Universidad de Chile, kule Avellaneda, ng'ambo tu ya mto Riachuelo ukitokea mtaa wa La Boca. Wachile walikuwa na 1-0 ya nyumbani, mechi iko 1-1, kipindi cha pili kimeanza. Mashabiki wa Chile waliokuwa jukwaa la juu walikuwa wanang'oa na kurusha vitu chini kwa wenyeji, halafu wenyeji wakawapandia huko juu. Watu walipigwa mpaka wakavuliwa nguo. Wengine waliruka kutoka jukwaani. Mechi ikafutwa, Independiente wakaondolewa, Universidad de Chile wakapita mpaka nusu fainali.

Kesi ile ni ngumu kuliko yetu, kwa sababu pande zote mbili zilikuwa na mikono. Sitaki kuifungulia mjadala hapa, anayetaka aanzishe uzi wake nitachangia. Ninachojua ni kwamba niliiangalia nikiwa macho usiku, na nilipoona refa anawatoa wachezaji, tumbo lilinikata vilevile kama Mwenge miaka 10 nyuma.

#17

Swali la mwisho kutoka kwangu. Kwa moyo mweupe, zile dakika 45 zingechezwa, Boca ingepindua?

#18 (mleta mada)

Sidhani. Nimeirudia mechi ile mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya yangu, na kila nikifika mapumziko naona timu iliyotulia ni ya jezi nyeupe. Lakini nilitaka kuziona. Nilitaka tufungwe kwa mpira kama ilikuwa ni kufungwa.

Na kwa kuwa #13 ameandika aliyoandika, nimalizie na upande wake. River walikwenda robo fainali wakafungwa na Cruzeiro 1-0 nyumbani. Kila mtu akasema hao wamepita kwa bahati, wamefika mwisho. Wakaenda Belo Horizonte wakashinda 3-0. Nusu fainali wakaitoa Guaraní ya Paraguay, ambayo yenyewe ilikuwa imemtoa Corinthians 16 bora kwa kumfunga nje na ndani. Fainali wakakutana na nani? Tigres. Walewale ambao mwezi Aprili walipeleka akiba Peru na kufunga mabao matano, na bila mabao yale River wasingeiona hata hiyo 16 bora.

Suluhu Monterrey. Tarehe 5 Agosti, Monumental, mvua inamwagika kama imefunguliwa bomba. Nililazimika kuangalia, sikutaka, lakini mtu wa Libertadores haachi fainali. Karibu na mapumziko Vangioni anampita mtu upande wa kushoto, anaingiza krosi, Alario anapiga kichwa, 1-0. Sánchez, penalti tena, 2-0. Halafu Funes Mori anaruka juu ya wote, kichwa, 3-0.

Vangioni na Funes Mori, wawili katika wale wanne wa handakini.

Nilipiga makofi, peke yangu chumbani, nikiwa nimevaa jezi ya Boca.

#19

Mkuu…

#20

Uzi umehifadhiwa. Mods wekeni huu juu.